Maandishi Yapitayo Juu ya Picha: Yanatoka Wapi, na Tuyasomeje?

Na Afisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kikao cha Baraza la Madiwani hufanyika makao makuu ya wilaya. Mkazi wa Zirai anayetaka kukihudhuria hana budi kushuka mlima, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kuiacha iliki yake bila mwangalizi kwa siku nzima. Ndiyo maana baadhi ya halmashauri nchini zimeanza kurusha vikao vyao mubashara kwa njia ya mtandao, ili mwananchi avifuatilie kwa simu akiwa nyumbani, dukani au kijiweni.

Hata hivyo, wengi wanaofuatilia hawasikii kila neno. Mvua inapiga bati, sauti inakatika, au simu moja inatazamwa na watu sita waliokusanyika mahali ambapo mtandao unashika. Kinachobaki mbele ya macho yao ni maandishi yanayotokea chini ya picha: jina na cheo cha anayezungumza, ajenda inayojadiliwa, na kiasi cha fedha kinachotajwa. Kwa watu hao, na kwa wenzetu wasiosikia kabisa, maandishi hayo ndiyo kikao chenyewe.

Makala haya yanaeleza maandishi hayo yanatoka wapi, yanawekwaje juu ya picha, na kwa nini mwananchi anapaswa kuyasoma kwa makini. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini neno moja likikosewa, linaweza kukigombanisha kijiji na kiongozi wake kwa sababu ya fedha ambazo hazijawahi kufika.

Neno moja lililokosewa

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi mbali na milima hii, nilikuwa nimeketi nyuma ya kompyuta katika kikao kilichokuwa kikirushwa mubashara. Ajenda ilikuwa zahanati ya kijiji kimoja. Msomaji wa taarifa alisema kwamba shilingi 40,000,000 zimetengwa kwa ajili ya ukarabati. Mimi, kwa haraka, niliandika “zimepokelewa.” Maandishi yale yalikaa kwenye skrini kwa dakika chache tu kabla sijayaondoa. Dakika hizo zilitosha. Mtu mmoja alipiga picha skrini ya simu yake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kabla jua halijatua mwenyekiti wa kijiji alikuwa akiulizwa sokoni fedha zimekwenda wapi.

Marekebisho yalitolewa kesho yake, lakini picha ile iliendelea kupita simu hadi simu. Mwenyekiti alilazimika kubeba taarifa ya benki hadi kwenye mkutano mkuu wa kijiji ili kuonyesha kwamba hakuna hata senti iliyoingia. Aliponipigia simu hakunikaripia. Aliuliza jambo moja tu: “Kijana wangu, zile herufi zinaandikwa na mtu, au mashine inaziandika yenyewe?” Nilimjibu kwamba zinaandikwa na mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi watu wangelijua hilo, wangeuliza kwanza.”

Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kioo mbele ya kamera

Hebu msomaji asimame dirishani asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka, na aandike neno kwa wino juu ya kioo cha dirisha. Akitazama nje ataona milima na neno lake kwa pamoja. Neno haliko mlimani, na mlima haujaguswa. Kioo kikifutwa, mlima unabaki kama ulivyokuwa. Maandishi ya kwenye matangazo ya video hufanya kazi hivyo hivyo. Kamera inaleta picha ya ukumbi. Mbele ya picha hiyo huwekwa tabaka la pili lililo wazi kama kioo, na juu ya tabaka hilo ndipo panapoandikwa jina, ajenda au namba. Mafundi wa utangazaji huliita tabaka hilo grafiki ya juu ya picha.

Wavaaji wa kanga wanaufahamu mpangilio huu. Katika kanga, picha hukaa katikati ya mji, na jina hukaa chini yake, mahali ambapo jicho hulifikia bila kuiacha picha. Watayarishaji wa vipindi nao huweka jina la msemaji katika theluthi ya chini ya skrini, katika kile tutakachokiita hapa ukanda wa jina. Tofauti ni moja. Jina la kanga limechapwa pamoja na kitambaa na halibadiliki, ilhali maandishi ya skrini hubaki kando, mikononi mwa mtu, mpaka nukta ya mwisho kabla matangazo hayajaondoka chumbani.

Zamani, tabaka hilo lilitengenezwa kwa mikono. Jina liliandikwa kwa herufi nyeupe juu ya kadi nyeusi, kamera ya pili ikaielekea kadi hiyo, na mitambo ikauondoa weusi na kuziacha herufi juu ya picha ya kamera ya kwanza. Baadaye zikaja mashine maalumu za kuandika herufi za televisheni. Zilifanya kazi vizuri, lakini bei yake ilizifanya ziwe mali ya vituo vikubwa.

Mabadiliko yaliyozifikisha grafiki hizo hata katika ofisi ndogo yalitokana na jambo ambalo kila mwenye simu janja tayari analijua: ukurasa wa wavuti.

Kwa nini ukurasa wa wavuti?

Ukurasa wa wavuti ni maandishi ya maelekezo ambayo kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, huyasoma na kuyageuza kuwa picha. Maelekezo hayo ni ya aina tatu. HTML hueleza kilichomo, kwa mfano kwamba hili ni jina na hiki ni cheo. CSS hueleza mwonekano: ukubwa wa herufi, rangi, na mahali pa kukaa. JavaScript hueleza mwendo na mabadiliko, kwa mfano kwamba ukanda uingie kutoka kushoto, ukae, kisha utoweke. Vijana wengi wanaosoma kompyuta vyuoni hujifunza lugha hizo tatu, nazo hazinunuliwi kwa leseni.

Watangazaji walitambua kwamba kazi ambayo mashine za zamani zilifanya kwa gharama kubwa, kivinjari hukifanya bure kila siku. Televisheni ya umma ya Uswidi, SVT, ilitengeneza mfumo wake wa grafiki uitwao CasparCG na kuanza kuutumia hewani mwaka 2006. Mfumo huo ulitolewa kuwa programu huria, nao sasa unapokea violezo vilivyoandikwa kama kurasa za wavuti. Mwaka 2012 Hugh Bailey alianzisha programu ya OBS, ambayo leo inajulikana kwa jina la OBS Studio. Hiyo nayo ni huria na haiuzwi. Inatumiwa na makanisa, misikiti, shule, vyama vya michezo na ofisi za umma duniani kote, kwa kuwa inahitaji kompyuta ya kawaida yenye nguvu ya kutosha, kamera, na mtu aliyefundishwa.

Ndani ya OBS Studio mna kivinjari kisicho na vitufe wala mahali pa kuandika anwani. Kimejengwa juu ya msingi ule ule wa Chromium unaotumiwa na Google Chrome. Mtayarishaji huongeza kwenye kipindi chake kile kinachoitwa chanzo cha kivinjari, akakielekeza kwenye ukurasa alioutengeneza, naye akaupanga ukurasa huo juu ya picha ya kamera. Ukurasa huo hauna rangi ya nyuma. Sehemu isiyoandikwa kitu hubaki wazi, na ukumbi unaonekana kupitia kwake.

Uwazi huo hupatikana kwa hesabu. Picha ya ubora wa juu ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vitone, au pikseli, 2,073,600. Kila pikseli ya grafiki hubeba namba nne. Tatu za kwanza hueleza kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu. Ya nne hueleza kiasi cha kuziba: 0 maana yake pikseli haionekani kabisa, na 255 maana yake imeiziba picha iliyo nyuma yake. Namba iliyo katikati huleta kivuli kinachopenya, kama pazia jepesi. Kompyuta huichanganya hesabu ya grafiki na hesabu ya kamera kwa kila pikseli, mara 25 au zaidi katika kila sekunde, na matokeo yake ndiyo picha moja inayotumwa kwa watazamaji.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Matabaka yakishachanganywa, yanakuwa kitu kimoja. Simu ya mtazamaji haipokei ukanda kando na picha kando. Kwa hiyo kosa likishatoka chumbani haliwezi kufutwa kwenye simu ya aliyekwisha kulipokea. Linaweza tu kusahihishwa kwa maandishi mengine yanayofuata.

Wavuti bila mtandao

Wananchi wengi wakisikia neno “wavuti” hudhani kwamba grafiki hizo huvutwa kutoka mbali kupitia mtandao, na kwamba mtandao ukizorota zitatoweka. Zinaweza kutengenezwa hivyo, lakini si njia ya busara katika maeneo ya milimani kama yetu. Ukurasa wa wavuti unaweza kukaa ndani ya kompyuta ile ile ya matangazo, pamoja na aina za herufi na nembo zake zote, ukafunguliwa bila kuhitaji bando hata kidogo. Mtandao wa nje unahitajika kwa kazi moja pekee: kuyatoa matangazo yaliyokwisha kukamilika.

Katika mpangilio mzuri huwa kuna kurasa mbili. Ya kwanza ni ukurasa wa kuonyesha, ambao ndio unaoingia kwenye picha. Ya pili ni ukurasa wa kuongoza, ambao mtazamaji hauoni. Humo mna orodha ya majina na vyeo vya wajumbe, orodha ya ajenda, na vitufe vya “onyesha” na “ondoa.” Programu ndogo iliyomo chumbani humo, inayoitwa seva, hupeleka ujumbe kutoka ukurasa wa kuongoza hadi ukurasa wa kuonyesha kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua. Kurasa hizo mbili zaweza kuwa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja.

Faida yake ni kwamba majina huandikwa kabla ya kikao. Orodha ya wajumbe hupatikana kwa Katibu wa kikao, ikakaguliwa herufi kwa herufi, na siku ya kikao mwendeshaji huchagua jina badala ya kuliandika upya kwa haraka. Jina la mtu ni heshima yake. Diwani aliyechaguliwa na watu wake hastahili kuonekana kwa jina lililokosewa, wala mtendaji hastahili kubeba maneno ya mwingine kwa sababu ukanda wa msemaji aliyetangulia umesahaulika kwenye skrini.

Katika kazi hii kanuni iliyo bora ni kuwa na watu wawili. Mmoja huandaa maandishi; mwingine huyasoma kabla ya kitufe kubonyezwa. Mimi nilipokosea neno la zahanati nilikuwa peke yangu.

Herufi zisomeke hata kwa bando dogo

Mtayarishaji hutazama kazi yake kwenye skrini kubwa, iliyo wazi na iliyo karibu. Mwananchi huitazama kwenye simu, juani, na mara nyingi katika ubora wa chini ili bando lisiishe. Tofauti hiyo ni lazima ihesabiwe.

Mkondo wa video wa megabiti 1 kwa sekunde hutumia takribani megabaiti 450 kwa saa. Mkondo wa kilobiti 500 hutumia takribani megabaiti 225. Kikao cha saa tatu kitakuwa kimekula megabaiti 1,350 katika hali ya kwanza na 675 katika hali ya pili. Si ajabu basi kwamba watu huchagua ubora wa chini kabisa, ambao picha yake ina kimo cha pikseli 144 tu. Kutoka 1,080 hadi 144 ni kupunguzwa mara saba na nusu. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 30 katika chumba cha matangazo inafika kwa mwananchi ikiwa na pikseli 4, nayo haisomeki tena. Herufi ya pikseli 75 inafika ikiwa na pikseli 10, na hiyo inasomeka.

Kwa sababu hiyo, ukanda mzuri una maneno machache, herufi kubwa, na rangi zinazopingana, kwa mfano nyeupe juu ya buluu iliyokolea. Aidha, ukanda uliotulia ni bora kuliko maandishi yanayokimbia chini ya skrini bila kukoma. Mitambo ya kubana video hutunza zaidi yale yanayobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Kitu kinachotembea muda wote hula sehemu ya mkondo ambayo ingeifanya sura ya msemaji ionekane vizuri. Vilevile, ukanda usizibe sehemu aliposimama mkalimani wa lugha ya alama, kwa kuwa mikono yake ndiyo sauti ya wale anaowahudumia.

Namba zinapotoka kwenye jedwali

Ukurasa wa wavuti una uwezo mwingine ambao mashine za zamani hazikuwa nao kwa urahisi. Unaweza kusoma jedwali la takwimu na kuonyesha namba zenyewe bila mtu kuziandika. Namba ikibadilika kwenye jedwali, inabadilika na kwenye skrini. Uwezo huo unaondoa makosa ya vidole, lakini unaleta hatari nyingine: jedwali likikosea, skrini hukosea kwa ujasiri ule ule.

Jirani zetu ng’ambo ya mpaka wa Horohoro waliliona hilo waziwazi. Katika Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya awali yalionyeshwa kwenye skrini katika kituo cha taifa cha kujumlishia kura, Bomas of Kenya, Nairobi, na kurushwa na vituo vya televisheni nchini kote. Wananchi waliona idadi ya kura zilizokataliwa ikipanda hadi kupita 300,000. Mjadala mkali ukazuka, kwa kuwa Katiba ya Kenya humtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na namba hiyo ingeweza kugeuza hesabu. Baadaye Tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa imezizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Upelekaji wa matokeo kwa mfumo wa kielektroniki ulikwama, na Tume ikarejea fomu za karatasi zilizoletwa na wasimamizi wa uchaguzi. Matokeo ya mwisho yalikuwa na kura zilizokataliwa 108,975, na mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07. Msomaji anaweza kupima mwenyewe jinsi nafasi ilivyokuwa nyembamba, na jinsi namba ya skrini ilivyokuwa nzito.

Mwaka 2022, Kenya ilikuja na njia nyingine. Tume iliweka hadharani fomu za vituo vya kupigia kura, zaidi ya 46,000, ili kila mtu azisome. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha vyenyewe na kuonyesha hesabu kwenye grafiki zao. Kwa muda, vituo vilionyesha hesabu zinazotofautiana, kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu tofauti na kwenda kwa kasi yake. Mtazamaji aliyeona namba bila kuelezwa imehesabu vituo vingapi alichanganyikiwa. Aliyerejea kwenye fomu zenyewe alikuwa na pa kusimama.

Funzo linaloifaa kata yetu ni moja. Namba yoyote inayoonyeshwa kwenye skrini iandamane na chanzo chake na tarehe au kipindi chake. “Makusanyo ya ndani: shilingi kadhaa” haitoshi. Inatakiwa iseme makusanyo ya robo ipi, ya mwaka gani wa fedha, kwa mujibu wa taarifa gani.

Maneno matatu ya fedha

Katika taarifa za maendeleo kuna maneno matatu ambayo yakichanganywa huleta ugomvi. Fedha zilizotengwa ni zile zilizopangwa katika bajeti. Bado ni ahadi kwenye karatasi. Fedha zilizopokelewa ni zile zilizokwisha kuingia kwenye akaunti. Fedha zilizotumika ni zile zilizokwisha kulipwa kwa kazi au vifaa, na zina hati za malipo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mradi unaweza kuwa na fedha zilizotengwa tangu mwezi huo, nazo zikawa hazijapokelewa miezi mingi baadaye. Anayesoma ukanda wenye jina la zahanati na kiasi cha fedha bila mojawapo ya maneno hayo matatu hana budi kujiuliza: ni fedha za hatua gani? Ukanda usiojibu swali hilo ni ukanda usiokamilika, na mwananchi ana haki ya kusema hivyo.

Ukanda si ushahidi

Kwa kuwa zana hizi ni za bure na rahisi kupatikana, anayetaka kudanganya naye anazo. Mtu anaweza kuchukua kipande cha sekunde 20 cha kikao, akaweka juu yake ukanda unaofanana na wa Halmashauri, wenye nembo na rangi zile zile, na kuandika maneno ambayo hayakusemwa. Nembo kwenye skrini inathibitisha kwamba mtu fulani alikuwa na picha ya nembo. Haithibitishi zaidi ya hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa kukusudia. Lakini sheria huja baada ya madhara, na kinga ya kwanza ni msomaji mwenyewe.

Ukipokea kipande chenye maandishi ya kushtua, tafuta kwanza video nzima kwenye ukurasa rasmi wa Halmashauri. Sikiliza alichosema msemaji, kabla na baada ya kipande hicho. Linganisha namba na taarifa iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji au kata. Ukumbuke pia kwamba kumbukumbu rasmi ya kikao ni muhtasari, ambao huthibitishwa na wajumbe katika kikao kinachofuata. Ukanda wa kwenye skrini ni msaada kwa mtazamaji. Haubadilishi kilichoandikwa kwenye muhtasari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma, na ombi hilo halihitaji mtu awe msomi.

Ukiona kosa

Mwananchi anayeliona kosa kwenye matangazo anatusaidia sana akilitaja mapema. Ili lipate kushughulikiwa, tunaomba mambo manne: jina la kikao na tarehe yake; dakika ya video ambapo maandishi yanaonekana; maneno kama yalivyoandikwa; na yale unayoamini kuwa ndiyo sahihi, pamoja na sababu. Taarifa hiyo iwasilishwe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata, naye ataifikisha kwenye Kitengo. Ukiwa na picha ya skrini, ihifadhi na uiambatanishe, lakini usiisambaze kabla ya kupata jibu.

Kwa upande wa watumishi, wajibu ni kulisahihisha kosa waziwazi. Likigunduliwa kikao kikiendelea, masahihisho yaonyeshwe kwenye skrini na yasomwe kwa sauti. Likigunduliwa baadaye, masahihisho yaandikwe kwenye maelezo ya video na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kinachohusika. Kuiondoa video kimyakimya ni kosa la pili, kwa kuwa ile picha ya skrini itaendelea kutembea bila kitu cha kuijibu.

Mwenyekiti niliyemtaja alimaliza muda wake akiwa bado anaheshimiwa, na zahanati ile ilipata fedha zake baadaye. Lakini siku ile sokoni hakuna aliyeweza kumrudishia. Kwa hiyo, ndugu mwananchi, utakapotazama kikao kijacho na kuona ukanda ukiingia chini ya picha, ujue kuna mtu ameketi nyuma ya kompyuta, ameuandika, na anaweza kukosea. Usome hadi mwisho, utafute lile neno moja linaloieleza namba, na usipoliona, uliza.